Kipupwe cha Kila Usiku Mlimani Masaba

Wasomaji wengi wa gazeti hili, na wanafunzi wa zamani pia, wamepata kuona picha ya mlima Fuji wa Japani wakati wa kipupwe: theluji nyeupe juu, na chini watu waliovaa nguo nzito wakinywa supu ya moto. Sisi tulio hapa karibu na mto Nabuyonga, tukitoka jasho darasani, twadhani mambo hayo ni ya nchi za mbali tu. Lakini Fuji una mita 3,776, na kilele cha Wagagai katika mlima wetu wa Masaba, ambao ramani huuita Elgon, kina mita 4,321. Wetu waupita ule kwa mita 545. Basi kipupwe chetu kiko wapi?

Kipo, ila huja kila usiku. Kule Japani, kwa miezi kadhaa jua hupita chini angani na siku huwa fupi, hata baridi ikakaa mchana na usiku. Sisi tu karibu na ikweta, na jua halituachi mwaka mzima. Baridi yetu ni ya kimo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama digrii 6. Mji wa Mbale uko kwenye mita 1,150 hivi. Kwa hiyo mtu akiruka kama ndege kutoka sokoni adhuhuri, penye digrii 28, atakuta digrii 9 tu huko Wagagai. Usiku, mbingu zikiwa wazi, maji huganda, na asubuhi nyasi huwa nyeupe.

Mimi na wenzangu watatu tulipanda mwezi wa Desemba pamoja na kiongozi wa hifadhi, kwa njia ya Sasa itokayo Budadiri. Kwanza migomba na mibuni, kisha majabali ya Mudangi, kisha msitu wa mianzi, wenye giza hata mchana. Juu zaidi miti huisha, na pale ndipo tulipoona senesio, mmea mrefu kuliko mtu. Majani yake yakikauka hayaanguki. Huyavaa shinani kama koti. Yale mabichi ya juu hujikunja usiku yakafunika chipukizi la katikati lisiumwe na baridi. Tulipolala karibu na pango la Mude, penye mita 3,500 hivi, tuliiga mmea ule, tukavaa kila nguo tuliyokuwa nayo.

Sasa chakula. Tulibeba maharage, tukayachemsha saa tatu nzima, nayo yakabaki magumu kama kokoto. Mwenzetu alilaumu kuni. Kosa halikuwa la kuni. Juu sana hewa hukandamiza maji kidogo, hivyo pale Mude maji huchemka kwenye digrii 88 badala ya 100. Yanatokota sana, lakini hayaivishi.

Kilichotuokoa ni malewa. Haya ni machipukizi ya mianzi, ambayo huvunwa wakati wa mvua na kukaushwa kwa moshi, yakakaa miezi mingi. Tulikuwa tumeyachemsha nyumbani na kuyakata vipande, basi mlimani ilikuwa kuyapasha moto tu pamoja na karanga zilizosagwa, tukala kwa ugali wa wimbi. Kuchemsha huko si mapambo. Chipukizi bichi la mwanzi lina uchungu na sumu, na moto ndio uziondoao. Wajapani nao hula machipukizi ya mianzi, na huyachemsha pamoja na pumba za mchele ili uchungu utoke. Kwetu akina mama hutumia magadi.

Lakini kila chipukizi ni mwanzi mzima ulio mchanga. Mwanzi hurefuka msimu mmoja tu. Ukikatwa ncha hauendelei. Mizizi huishi na kuchipuza tena, ikiwa imeachiwa mashina ya kutosha kuilisha. Upande wetu wa mlima umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993, na baadhi ya vijiji vya kando vina mapatano na wenye hifadhi juu ya kuvuna. Tukishuka, kiongozi alituonyesha mahali palipokatwa yote: mianzi mizee tu, imeinama, na udongo kati yake umechimbwa na maji. Mwisho wa Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika mjini Mbale, na mafuriko ya siku zile yaliua watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba malewa ndiyo yaliyoleta maafa hayo. Mvua ilikuwa kubwa, na miteremko mingi imelimwa. Hata hivyo tangu siku ile nikinunua malewa sokoni huuliza yamevunwa wapi, na wauzaji hunicheka.

Atakayepanda Desemba ijayo achukue mablanketi mawili, na maharage ayaache nyumbani.