Bukene Imepata Namba, Majina Je?

Mgeni akishuka stesheni ya Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, na kuuliza nyumba ya mtu, hatajiwi namba. Ataambiwa avuke soko, aulize kwa fundi cherehani, kisha ashike njia ya kisimani mpaka mwembe wa pili. Atafika salama, tena kwa kusindikizwa. Lakini dereva wa gari la wagonjwa aliyeitwa saa nane usiku hamwoni fundi cherehani, wala gizani haijui miembe.

Shida hiyo ndiyo iliyoleta Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022, miezi michache kabla ya Sensa ya 23 Agosti mwaka huo. Nchi nzima zilikusanywa anwani zaidi ya milioni 12. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na postikodi ya kata. Za Mkoa wa Tabora zote huanza na 45. Zamani mwanakijiji aliyetaka barua aliazima sanduku la posta la shule au la misheni. Sasa mlango wake mwenyewe unaweza kutafutwa kwenye simu.

Kuweka namba ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Upande mmoja wa njia hupewa namba witiri, wa pili shufwa, na nyumba mpya ikijengwa katikati hutafutiwa nafasi. Ugumu unakuja ukutani. Namba iliyopakwa rangi kwenye nyumba ya tofali mbichi haidumu: mvua za masika mbili tatu, mwenye nyumba anakandika upya, na namba imezikwa chini ya udongo. Kibao cha bati kingeishi muda mrefu zaidi, ila kina gharama.

Jina ni jambo zito zaidi. Kwa utaratibu, wakazi hupendekeza mkutanoni, kamati ya maendeleo ya kata ikajadili, na halmashauri ikapitisha. Kazi ikifanywa mbiombio, majina yanayokuja haraka ni yale yale ya kila mahali: Uhuru, Azimio, Umoja. Ni majina yenye heshima, lakini hayamwambii mtu yuko wapi.

Tabora mjini wazee walijua kutaja mahali. Chemchem, Ng'ambo, Kidongo Chekundu, Mtendeni: ukisikia tu, unaona maji, unaona upande wa pili, unaona udongo na mitende. Mji huo ndio Kazeh waliyoikuta wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857, ikiwa tayari kituo kikubwa cha misafara. Hapo njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likaenda Ujiji, jingine likapanda kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza na Buganda. Bukene iko upande huo wa kaskazini, na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 imepita papo hapo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa vinaanzia Bagamoyo na kuishia Ujiji, na kwa upande wa Tabora kimo Kwihara. Tawi la kaskazini halimo. Huko yamebaki majina ya visima, vilima na vitongoji, nayo yako vinywani mwa wazee.

Inauma kwamba Dar es Salaam imewakumbuka Wanyamwezi wa njia hiyo zaidi kuliko kwao. Kariakoo kuna Mtaa wa Nyamwezi, katikati ya jiji kuna Mtaa wa Mirambo, mtemi aliyefariki mwaka 1884. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe mabegani hadi pwani wana mtaa mwisho wa safari yao. Wanastahili mmoja pale walipoagana na wake zao.

Kwa hiyo ombi kwa watendaji wa vijiji na madiwani wa Nzega ni hili: kabla kibao kingine hakijaandikwa, waiteni bibi na babu wenye umri mkubwa kuliko wote kitongojini. Waulizeni njia ile iliitwaje kabla ya reli, na mwembe ule aliupanda nani. Kisha andikeni walivyotamka wao.