Chenonceau, Jumba Lililovuka Mto

Nchi ya Ufaransa ina majumba mengi ya kale, na mengine ni makubwa kupita hili. Lakini mimi nimechagua kuwaeleza Chenonceau kwa kuwa halikujengwa ukingoni mwa mto kama mengine, bali limesimama ndani ya maji ya mto Cher, likauvuka mpaka ng'ambo ya pili.

Hapo kale palikuwa na ngome, na mtoni palikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Thomas Bohier, mtunza hazina wa mfalme, alipopapata mahali hapo mwaka 1513, aliibomoa ngome akabakiza mnara mmoja, ambao ungalipo. Kisha nyumba mpya ikajengwa juu ya misingi ya kinu. Bwana mwenyewe alikuwa mara nyingi vitani Italia, basi mkewe, Katherine Briçonnet, ndiye aliyewasimamia mafundi hata kazi ikaisha mwaka 1521. Zamani zile ngazi za majumba zilizunguka kama kombe la konokono. Hapa ngazi ilikwenda moja kwa moja, nayo ni miongoni mwa ngazi za kwanza za namna hiyo katika Ufaransa. Majiko yako chini kabisa, ndani ya nguzo nene zilizosimama mtoni, na mashua zilileta vyakula mpaka hapo.

Baada ya Bohier kufa ilionekana kuwa anadaiwa na serikali, na mwaka 1535 jumba likachukuliwa na mfalme. Mfalme Henri wa Pili alimpa mpenzi wake, Diane de Poitiers, mwaka 1547. Bibi huyu ndiye aliyemwagiza fundi Philibert de l'Orme ajenge daraja la matao kutoka nyumbani mpaka ng'ambo. Mwaka 1559 mfalme alijeruhiwa kwa mkuki katika mchezo wa farasi, akafa. Mjane wake, Malkia Catherine de Médicis, hakukawia: alimwondosha Diane, akampa jumba la Chaumont badala yake. Kisha juu ya daraja la mwenziwe akajenga ukumbi wa orofa mbili, urefu mita 60, upana mita 6, wenye madirisha 18 na sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi, apate kufanyia karamu na dansi. Kwa maoni yangu, kama wanawake hawa wawili wangalipatana, ukumbi huu usingalikuwapo.

Katika Mapinduzi ya mwaka 1789 majumba mengi ya wakubwa yaliharibiwa. Chenonceau liliokoka. Mwenyewe wakati ule alikuwa Bibi Dupin, mwanamke mzee aliyependwa na watu wa kijiji; tena inasimuliwa kwamba daraja lake lilihitajiwa na wasafiri.

Lakini ukumbi ule wa dansi ulipata kazi yake kubwa katika karne ya 20. Vita vilipoanza mwaka 1914, Gaston Menier, wa ukoo wa watengenezaji wa chokoleti walionunua jumba mwaka 1913, aliugeuza kuwa hospitali kwa gharama yake mwenyewe. Vitanda vikapangwa chini ya madirisha yale, na mpaka mwaka 1918 majeruhi 2,254 walikuwa wametibiwa.

Kisha mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa, nchi ikagawanywa, na hapo mto Cher ukawa ndio mpaka. Fikirini hali ya nyumba hiyo: mlango wa mbele uko katika nchi iliyokaliwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi, upande wa kusini, unafungukia nchi wasiyoikalia. Ukumbi ukawa njia ya siri. Watu waliokuwa wakiwindwa walipitishwa humo, hatua za mita 60 tu juu ya vigae vya malkia, wakatokea ng'ambo. Mlango huo ulifaa hadi Novemba 1942, Wajerumani walipoiteka kusini pia.