Hadithi za wazee ni mtaji

Wanafunzi huniuliza mtunzi wa vitabu vya watoto husomea wapi. Huwapa mfano wa John Kilaka wa Tanzania, nchi iliyotusomesha Warundi wengi tukiwa uhamishoni. Kilaka huchora kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanza Dar es Salaam miaka ya 1960. Alizunguka vijijini, akawasikiliza wazee, kisha akaandika, akachora na kusimulia mwenyewe. Kitabu chake cha Sokwe anayepeleka samaki sokoni kilitolewa kwa Kiingereza nchini Kanada mwaka 2005.

Ndugu zangu, tumerudi na wazee wenye hadithi za hapa na za kambini, nao wanazidi kututoka. Mfanyabiashara unayevuka mpaka, ongeza daftari na penseli za rangi kwenye mzigo. Jioni bibi asimulie, mtoto achore.