Sabla ya intaneti: mchangiaji alindwe na nani?

Katika mji wa Bahla, mkoa wa Dakhiliya nchini Oman, maji ya falaji hayagawiwi na askari. Kila falaji ina wakili wake, na kila mwenye shamba anajua zamu yake. Maji yanapoingia mjini huchotwa kwanza ya kunywa, pa kuoga na kufulia pako chini zaidi, kisha yanakwenda kwenye mitende. Anayeyachafua juu anawadhuru wote walioko chini, na majirani humkanya kabla shauri halijafika kwa liwali.

Mazungumzo nayo yana mahali pake, yaani sabla, chumba cha jamaa cha kupokea wageni, kunywa kahawa na kusuluhisha ugomvi. Waswahili wa Bahla na miji ya jirani, ambao wengi wao familia zao zilirudi kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, hawahitaji kuelezwa zaidi. Sabla ni ndugu wa barza ya Unguja.

Si ajabu basi kwamba Waomani walipohamishia mazungumzo kwenye intaneti, ukumbi wao mkubwa waliuita Sabla ya Oman. Humo watu walijadili bei, ajira na utendaji wa mawaziri, mambo ambayo magazeti yaliyobanwa na sheria ya uchapishaji ya 1984 hayakuthubutu kuyagusa. Wengi waliandika kwa lakabu.

Mwishoni mwa 2006 baadhi ya wasimamizi na wachangiaji waliitwa, wakahojiwa na kushtakiwa. Mwenye ukumbi huo, Said Al Rashdi, aliufunga. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru, lakini ukumbi ulikuwa umeshakufa. Ukumbi mwingine ukachukua nafasi yake, na mwaka 2009 msimamizi wake mmoja, Ali Al Zuwaidi, alitiwa hatiani kuhusiana na waraka wa serikali uliochapishwa humo.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Serikali nyingi husema zinataka mitandao ijisimamie yenyewe. Lakini msimamizi akijua kwamba kosa la mgeni litamfunga yeye, hatasimamia tena. Atafuta kila kitu chenye harufu ya siasa, au atafunga mlango kabisa. Huko ni kujiziba mdomo, na si kujisimamia.

Hata hivyo, haina maana kwamba kila kinachoandikwa kiachwe. Wakenya wanalijua hilo. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ukumbi wa Mashada ulifurika matusi ya kikabila na uchochezi. Januari 2008 mwendeshaji wake, David Kobia, aliufunga kwa hiari yake, hakuna mahakama iliyomwamuru. Mahali pake akaanzisha tovuti ya kuhimiza watu wajitambue kama Wakenya kabla ya kabila. Alipima madhara akakata shauri mwenyewe, na sababu zake zikajulikana.

Upande wa pili wa kujisimamia unasahaulika mara nyingi, nao ni kumlinda anayeandika. Mfano ulio wazi zaidi umetoka Tanzania. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuzuia upelelezi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Polisi walitaka taarifa za wachangiaji waliofichua tuhuma za ufisadi. Melo alikataa kuzitoa. Kesi zilisogezwa tarehe hadi tarehe kwa miaka, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo na kumtoza faini ya shilingi milioni 3.

Aliyeandika kwa lakabu akiwa Mwanza au Mbeya alilala salama kwa sababu mtu mwingine alikubali kusimama kizimbani. Lakini ulinzi wa namna hiyo hauwezi kutegemea ushujaa wa mtu mmoja. Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliisimamisha JamiiForums kwa siku 90.

Oman nayo ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2011. Kifungu chake cha 19 kinaadhibu maandishi yanayodhuru utulivu wa umma au maadili ya dini, kwa kifungo cha hadi miaka 3. Maneno hayo ni mapana, na anayeyapima ni mwendesha mashtaka. Baadaye, mwaka 2022, nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi. Ni hatua nzuri, ila mtumiaji anahitaji kulindwa dhidi ya dola kama anavyolindwa dhidi ya mwizi na mfanyabiashara.

Leo sabla nyingi zimehamia kwenye makundi ya simu. Ukoo mmoja una watu Bahla, Unguja, Mombasa na London, wote ndani ya kundi moja. Humo hupita salamu na matanga, na pia uvumi, picha za watoto na ujumbe wa matapeli. Msimamizi wa kundi kama hilo anaweza kufanya mambo manne bila kusubiri serikali: kuandika masharti kabla ya ugomvi, kueleza sababu kila anapofuta, kutoruhusu picha, pasipoti wala namba ya mtu isambazwe bila ridhaa yake, na kutoweka kumbukumbu asiyoihitaji. Taarifa isiyohifadhiwa haiwezi kuibwa na haiwezi kudaiwa na polisi.

Naye mchangiaji ana wajibu wake. Asitoe neno la siri kwa yeyote, hata anayejiita ofisa wa benki. Asisambaze habari asiyojua ilikotoka. Katika sabla ya Bahla mzushi hujulikana ni mtoto wa nani, na aibu humrudi. Kwenye intaneti aibu hiyo haipo. Msimamizi mwenye haki ndiye anayeweza kuziba pengo hilo, mradi sheria isimfanye yeye mshtakiwa wa kwanza.