Kuyafuata Maji kwa Miguu: Matembezi ya Mafunzo ya Mtoni na Ziwani kutoka Didia

Mwanachuo anayepelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Didia au za jirani hupewa mara nyingi mada ya mito na maziwa. Huingia darasani na ramani ya Tanzania, huitundika ukutani, kisha huuliza: "Maji ya mvua inayonyesha hapa kwetu huenda wapi?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja: "Ziwa Viktoria!" Mwalimu huridhika, huandika jibu ubaoni, na somo huendelea. Lakini jibu hilo si sahihi. Korongo linalopita nyuma ya shule hupeleka maji yake kwingine kabisa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kusahihisha kosa hilo kwa miguu na macho ya wanafunzi wenyewe, akitumia mabasi ya abiria yapitayo barabarani kila siku.

Kwanza yatupasa tuielewe nchi yenyewe. Didia ipo kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Tinde. Maji ya upande huu huteremka kuelekea Mto Manonga, ambao ni mpaka kati ya mikoa ya Shinyanga na Tabora. Manonga huelekea mashariki, hukutana na Wembere katika mbuga pana zenye vinamasi, na maji hayo huelekea Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Eyasi halina mto wa kutokea. Maji yakifika huko huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na chumvi hubaki. Kwa upande wa kaskazini mambo ni mengine. Mito kama Simiyu na Magogo huingia Ziwa Viktoria; maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, nchini Uganda, yakawa Mto Nile, na mwisho wake ni Bahari ya Mediterania. Hivyo matone mawili ya mvua, yakianguka pande mbili za mwinuko mmoja, yaweza kuachana moja kwa moja: moja likaishia katika chumvi ya Eyasi, la pili likaelekea Misri.

Jambo hili si la ramani tu. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya bomba yanayovutwa kutoka Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Ihelele, wilayani Misungwi. Yaani mashine huyapandisha maji na kuyavusha mwinuko ambao yenyewe yasingeuvuka kamwe. Mtoto akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini maji hayo yana gharama, na kwa nini bomba lililoachwa wazi ni hasara ya watu wengi.

Kanuni ya kufundisha ni ile ile mliyoisoma: tuanze na kilicho karibu kabla ya kilicho mbali, na kinachojulikana kabla ya kisichojulikana. Kwa sababu hiyo tunapendekeza matembezi mawili.

Matembezi ya kwanza ni ya Bonde la Manonga. Kutoka Didia, mwalimu na wanafunzi hupanda gari la abiria hadi Tinde, kisha lingine liendalo Nzega, wakashuka karibu na mahali barabara inapouvuka mto. Wakati ufaao ni Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha na njia zimekauka. Masika yasithubutiwe. Mito ya nchi hii huweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, huku mbingu ya mahali mlipo ikiwa nyeupe kabisa.

Wakitembea kutoka penye mwinuko kuelekea mtoni, wanafunzi watazame udongo unavyobadilika. Hapa mwalimu mgeni ana mengi ya kujifunza, kwa maana watoto wa Kisukuma huyajua majina yake tangu nyumbani: luseni, ule wa kichanga ulioko juu, itogolo, chini yake, na mbuga, ule mweusi wa bondeni unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Waulizwe ni mazao gani hulimwa juu na yapi hulimwa chini, na kwa nini majaruba ya mpunga hayapo mlimani. Wakikuta ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, walinganishe nyasi na miti ya ndani na ile ya nje. Desturi hii ya wazee iliimarishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, na faida yake huonekana kwa macho bila hotuba ndefu.

Penye maji yanayotiririka, kikundi kipime mwendo wake. Zipimwe mita 10 kando ya ukingo. Mwalimu peke yake adondoshe kijiti majini. Wanafunzi wahesabu sekunde wakiwa ukingoni. Kijiti kikitumia sekunde 20, mwendo wa maji ni nusu mita kwa sekunde. Mto ukiwa umekauka somo halijaharibika. Watazame mchanga uliolazwa na maji, takataka zilizonaswa matawini, na visima vinavyochimbwa mchangani. Hizo ni dalili za kimo na nguvu ya mto usiokuwapo siku hiyo.

Lipo jambo moja zaidi la kusimulia bondeni hapo. Tabaka za udongo wa Manonga, pamoja na zile za karibu na Tinde, zimetoa mifupa ya kale ya viboko, tembo na wanyama wengine, iliyogeuka jiwe. Wataalamu waliochunguza tabaka hizo, ambao matokeo ya kazi yao yalichapishwa katika kitabu mwaka 1997, wameonyesha kuwa miaka milioni nne hadi mitano na zaidi iliyopita palikuwa na ziwa hapo. Mtoto wa Didia, basi, huenda kuona mto akajikuta amesimama katika sakafu ya ziwa. Waonywe wasichimbe wala kuchukua chochote. Mabaki hayo hulindwa na sheria.

Matembezi ya pili ni ya Ziwa Viktoria, na yanawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu. Basi la Shinyanga kwenda Mwanza huwashusha Usagara, kwenye njia panda, na gari jingine huwafikisha Kigongo, ufukweni mwa Ghuba ya Mwanza. Safari ni ndefu, hivyo ni lazima kuondoka alfajiri. Kwa miaka mingi magari ya kwenda Sengerema na Geita yalivuka hapo kwa kivuko. Tangu mwaka 2025 yanapita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Wanafunzi wakadirie upana wa ghuba kwa macho kabla ya kuambiwa urefu wa daraja. Watazame mitumbwi, samaki wanaoletwa nchi kavu, na magugumaji yanayoelea, na waulize kila kimoja kimetoka wapi. Sangara, kwa mfano, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960.

Ufukweni sheria ni moja, nayo haina mjadala: mwanafunzi haingii majini, hata kwa kuchovya miguu. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono waishio kando ya ziwa na kupenya ngozi isiyo na jeraha. Tena wapo mamba na viboko, na mtoto wa Didia mara nyingi hajui kuogelea.

Hapo tunafikia suala la usalama, ambalo tunalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka mmoja tuliwapeleka watoto 40 mtoni, tukiwa walimu wawili. Jioni gari lililofika lilikuwa na nafasi ya nusu yao tu. Tukagawana haraka: nusu wapande na mwalimu mmoja, nusu wangoje lingine. Tulipokutana shuleni tulikuwa na watoto 39. Kila mmoja wetu aliamini kuwa mtoto yule alikuwa na mwenzake. Tulirudi usiku, tukamkuta ameketi dukani kando ya barabara, mama mwenye duka amempa chai na khanga ya kujifunika. Mtoto hakulia, sisi ndio tuliolia. Hatukukosea katika somo wala katika ramani. Tulikosea kuhesabu.

Tangu siku hiyo tunafuata utaratibu ufuatao, nasi tunawausia nanyi mfanye hivyo. Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi ipatikane kwa maandishi. Mwalimu aitembelee njia nzima peke yake kabla ya kuwapeleka watoto, na aulize muda wa gari la mwisho. Kila mwalimu apewe watoto kumi, wasizidi, na awe na orodha ya majina yao mfukoni. Wazazi waombwe kusaidia ikiwa walimu hawatoshi. Watoto waitwe kwa majina kabla ya kupanda, baada ya kupanda, na baada ya kushuka. Kundi la mwalimu mmoja lisigawanywe kamwe. Nafasi zikiwa pungufu, kundi zima lingoje. Barabarani watembee kwa mstari mmoja upande wa kulia, wakiyaona magari yanayowajia. Maji ya kunywa yatoke nyumbani.

Matembezi hayaishii stendi. Siku ya pili kila kikundi kichore ramani ya njia yake, kionyeshe udongo, mazao na mwelekeo wa maji, kisha kieleze mbele ya wenzake. Mwishoni mwalimu arudie swali lake la kwanza, na safari hii asikubali jibu la sauti moja. Mmoja atasema Manonga, mwingine Eyasi, na pengine mmoja atauliza: maji ya bomba ya Shinyanga yakimwagika chini, yataelekea wapi? Swali hilo halimo katika andalio la somo. Yametoka upande wa Nile, nayo yatateremka upande wa Eyasi. Darasa linalouliza hivyo limekwisha kujifunza kufikiri, na mwalimu wake anaweza kuikunja ramani kwa amani.