Nguvu, Kani na Nishati: Juu ya Kuupima Uwezo wa Mwili

Neno "nguvu" limebebeshwa mzigo mzito katika lugha yetu. Mchukuzi wa magunia ana nguvu, mkimbiaji ana nguvu, na uji nao hutia nguvu. Lakini hayo ni mambo matatu mbalimbali, na apimaye moja hakuyapima mengine. Katika fizikia yametengwa: msukumo au mvuto ni kani, uwezo wa kutenda kazi ni nishati, na "nguvu" ikaachiwa kasi ya kuitenda kazi hiyo.

Tutazame wachezaji wa polo ya majini. Apimwaye hufungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili hufungwa kwenye kipima-kani kando ya bwawa. Kisha huamriwa aogelee kwa juhudi zake zote. Tuseme kipimo kimesoma newtoni 100. Hiyo ni kani. Nguvu je? Nguvu ni kani mara mwendo, na mwogeleaji huyu hakusogea hata shubiri. Basi kwa hesabu ya kamba nguvu yake ni sifuri, ijapokuwa anatweta! Ndiyo maana wapimaji wengine huiachia kamba itoke polepole: akivuta newtoni 100 huku akienda mita 1 kwa sekunde, ametoa wati 100.

Bwawa la namna hiyo halikuhitajika kwa kipimo kilicho mashuhuri zaidi, kilichofanywa miongoni mwa Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, nyuma ya milima ya Ngorongoro, ambako ndiko Karatu ipakanapo na ziwa. Herman Pontzer na wenzake walikitangaza mwaka 2012. Hapa maji hayakuogelewa, yalinywewa. Watu wazima 30 walipewa maji yenye hidrojeni na oksijeni zilizo nzito kuliko za kawaida. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke; oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa kaboni dioksaidi ya pumzi. Mkojo ukichunguzwa kwa siku kadhaa, tofauti ya hizo mbili huonyesha kaboni dioksaidi iliyotolewa, na kwayo nishati iliyotumika.

Wanaume walitembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, mbali na kuchimba mizizi. Kila mtu angetazamia matumizi makubwa. Lakini ukubwa wa miili ulipozingatiwa, hayakuwapita wakazi wa Marekani na Ulaya waketio vitini. Pontzer adhani kwamba mwili uzoeao kazi hubana matumizi mahali pengine; mabishano yangaliko.

Mfasiri atakayeandika kwamba Wahadzabe "wana nguvu sawa" na watu wa mijini atakuwa amewadhulumu. Kilichopimwa ni nishati ya siku nzima. Kani ya mkono uvutao upinde haikuwamo katika maji yale.