Kampuni ikitatua shida yako, inatafuta nini?

Uzi mfupi, wadau. Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme serikali imeshindwa, tuachie kampuni za kibinafsi. Mwingine anajibu eti hao ni wanyonyaji tu. Wote wawili wanaruka swali lenyewe: kwa nini kampuni itoe pesa zake kwa shida ambayo si yake?

Tuchukue M-Pesa, maana kila mtu anaijua na bado historia yake inasimuliwa nusu.

Kabla ya Machi 2007, ukitaka kumtumia mamako pesa ushago, wengi walimpa dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu. Benki zilikuwa mjini. Hiyo ni shida ya kijamii, sawa. Lakini kwa kampuni ya simu ilikuwa pia mamilioni ya wateja ambao hakuna mtu alikuwa anawahudumia.

Sasa sehemu ambayo husikii majukwaani: pesa za kuanzia hazikuwa za kampuni peke yake. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo, ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Wenye hisa huwa hawapendi kuweka pesa mahali faida haionekani, kwa hivyo mlipa ushuru (wa Uingereza, si hata sisi) akabeba sehemu ya hasara ambayo ingetokea. Benki Kuu yetu nayo ikakubali huduma ianze kabla sheria yake haijatungwa. Na hiyo Safaricom tunayoiita ya kibinafsi, serikali ya Kenya ilikuwa na hisa ndani.

Mpango wa kwanza ulikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Kwenye majaribio yaliyoanza 2005, watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikamfuata mteja.

Matokeo? Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliotoka kwa jarida la Science 2016, ulikadiria kuwa kaya 194,000 zilitoka kwenye umaskini kwa sababu ya M-Pesa. Hapo faida ya kampuni na ya mwananchi zilipanda gari moja. Kusema ukweli, si jambo dogo.

Kuna sababu zingine pia: jina zuri, wafanyakazi wenye afya, kuelewana na serikali. Hizo zinaeleweka.

Shida inaanza pale mgonjwa hana hata shilingi ya kukatwa. Angalia kala-azar, ugonjwa unaosambazwa na usubi wa mchangani huko Turkana, Baringo na Pokot Magharibi. Usipotibiwa, mara nyingi unaua. Wanaougua wengi ni maskini, kwa hivyo kampuni za dawa hazikuwa na haraka. Ndiyo maana 2003 KEMRI ilikuwa kati ya waanzilishi wa DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa kama hayo. Soko halingefika huko lenyewe, na si kwa sababu ya roho mbaya. Hesabu tu haikubali.

Kwa hivyo mgombea akikuambia sekta ya kibinafsi italeta maji kwenu, usianze kubishana kama kampuni ni nzuri ama mbaya. Muulize: nyumba isiyoweza kulipa itapata maji kutoka kwa nani, na pesa hizo ziko wapi kwenye bajeti ya kaunti?

Uzi ujao ni barabara za kulipia. Nimeona mmeuliza sana.